Dume kubwa lisimponze mtamba Rangwi

MFUGAJI anayetafuta nyama nyingi huvutiwa na dume kubwa. Hesabu hiyo ina mantiki sokoni, lakini katika banda la mfugaji mdogo wa Rangwi, wilayani Lushoto, inaweza kumgharimu mtamba pamoja na ndama wake.

Ng'ombe jike wa asili nchini huwa na uzito wa kilo 200 hadi 250 hivi, na ndama wake huzaliwa akiwa na kilo 20 hivi. Ndama wa Charolais au Simmental, aina kubwa za Ulaya, huzaliwa akiwa na kilo 40 na zaidi. Chotara huangukia katikati. Jike mkomavu wa asili ana kinga kiasi, kwani mji wake wa mimba huzuia ndama kukua kupita kiasi. Hatari zaidi ni kwa mtamba, ambaye nyonga zake hazijapanuka.

Jiografia ya Usambara huongeza tatizo. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za milimani huteleza na mtaalamu wa mifugo huweza kuchelewa, ilhali mtamba asiyezaa saa mbili baada ya chupa kutokeza huhitaji msaada. Kumvuta ndama kwa nguvu huweza kumpoozesha mama miguu ya nyuma au kuchelewesha mimba inayofuata.

Ubelgiji imetoa funzo. Ng'ombe wake aina ya Belgian Blue, waliochaguliwa kwa wingi wa nyama, wengi huzaa kwa upasuaji. Wafugaji wa huko wana madaktari karibu. Kijiji cha milimani hakiwezi kujenga ufugaji wake juu ya kisu cha daktari.

Wapo wanaodhani kumnyima mtamba chakula miezi ya mwisho kutapunguza ukubwa wa ndama. Hilo ni kosa: ndama hupungua kidogo tu, huku mama akikosa nguvu za kusukuma.

Suluhisho lipo kabla ya mimba. Mtamba asipandishwe kabla ya kufikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mkomavu wa aina yake. Uzao wa kwanza utokane na dume la ndama wadogo, kama Jersey au Boran. Dume kubwa lisubiri uzao wa pili au wa tatu.

Kwa hiyo, wahimilishaji wanaopeleka mbegu vijijini wana wajibu wa kuuliza kwanza iwapo ng'ombe amewahi kuzaa, na kumweleza mfugaji rekodi ya uzaaji ya dume husika, si uzito wake pekee.