Msikiti wa Kilwa na Mawe ya Engaruka

Chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, si mbali na Karatu, yapo magofu ya Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima wa hapo walijenga matuta ya mawe na kuchimba mifereji ya kunywesha mashamba yao. Hakuna mtaalamu wa leo awatafutiaye mafundi hao asili ng'ambo ya bahari. Basi kwa nini Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ungali ukisimuliwa kama zawadi ya wageni?

Wasemao hivyo hushika Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, isimuliayo jinsi wana wa Shirazi walivyofika kwa merikebu wakakinunua kisiwa kwa nguo. Walakini huisoma kwa jicho moja. Nuskha yake ya Kiarabu husema pia kwamba waliofika walimkuta Mwislamu, Muriri wa Bari, na msikiti. Shahidi aliyeitwa na mdai amemkana mdai. Na huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wamekuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, iliyoanza katika karne ya 8.

Msikiti wa Kilwa nao haukushuka mzima kutoka chomboni. Ukumbi wa kaskazini ni wa karne ya 11 au ya 12. Upande wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Kisha ukajengwa upya katika karne ya 15. Mawe yake ni matumbawe ya bahari ile ile, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kazi ya vizazi vingi haifanywi na abiria.

Damu ya Uajemi haikanwi. Uchunguzi wa mifupa ya wafu wa pwani, uliotangazwa mwaka 2023, umeonyesha kuwa tangu yapata mwaka 1000 akina baba wa Kiajemi walizaa na akina mama wa Kiafrika. Lakini mtoto aliyelelewa na mama wa pwani, akanena lugha yake na kuzikwa katika mchanga wake, ni mgeni kwa nani? Kibla chaelekea Makka; misingi imo Kilwa. Mwanafunzi aionaye Engaruka kuwa fahari yake, na Kilwa kuwa mali ya wengine, hajasoma historia: amesoma hukumu iliyoandikwa kabla ya ushahidi.