Samaki wa mawe ya Tanganyika: wageni wanawajua kuliko sisi

UVIRA – Hapa kwetu, ukisema samaki, watu wanasikia ndagala, mukeke na sangala. Wale wadogo wenye rangi wanaokaa kati ya mawe, watoto ndio wanawavua kwa mchezo. Sokoni hakuna mama anayewatandika. Lakini kule Ujerumani ao Marekani kuna mtu amewaweka sebuleni, ndani ya akwariamu, na anawatunza kama mayai.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake inayolishinda. Ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya siklidi, na karibu zote hazipatikani pengine popote. Wafugaji wa ng'ambo wanazitaja kwa majina ya vijiji vyetu. Frontosa ya buluu wanaiita ya Moba, ya Kapampa, na mpaka leo wanaandika "Zaire", jina ambalo nchi yetu iliacha tangu 1997.

Tazameni kazi wanayofanya. Wanapima maji na kuyatia chumvi za madini ili yafanane na ya Tanganyika, ambayo pH yake ni karibu 9. Wanapanga mawe. Wanabadilisha sehemu ya maji kila wiki. Wanajua kwamba Tropheus anakula majani ya kijani yanayoota juu ya mawe, na ukimzoesha nyama tumbo linavimba, anakufa. Wanajua pia kwamba ukiwaweka wachache, mwenye nguvu atawapiga wengine mpaka kuwaua, kwa hiyo wanaweka kundi. Sisi maji hayo tunayachota bure, lakini ni wangapi kati yetu tunajua habari hizo?

Kutojua huko kuna hasara. Tropheus jike anabeba mayai mdomoni, na ni machache. Tena samaki huyu haachi mawe kuvuka mchanga mrefu, ndiyo maana kila ukingo una rangi yake. Wakimalizwa pahali pamoja, wa ukingo mwingine hawatakuja kujaza nafasi.

Hatari ya kwanza ni kuvua bila kipimo. Ya pili ni udongo. Tunakata miti milimani, mvua inashusha matope ziwani, matope yanafunika mawe na chakula chao. Mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilipofurika, tuliona wenyewe kile mlima unachoweza kuteremsha.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, wewe unatuletea mambo ya akwariamu ya wazungu? Nawajibu: samaki huyu haliwi, lakini akiwa hai ana bei. Mimi siombi biashara hiyo ifungwe. Naomba mambo matatu. Mvuvi anayepiga mbizi alipwe kwa haki, na kila ukingo upewe muda wa kupumzika. Samaki hawa wazalishwe hapa hapa, kwa maana tuna maji, mawe na Kituo cha Utafiti cha CRH hapa Uvira, ili wanaouzwa wasitoke wote ziwani. Na kila shule ya kando ya ziwa iwe na akwariamu moja, hata ndogo, ili mtoto amuone mama samaki akiwafungulia watoto mdomo.

Nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Sahihi ni nzuri, lakini sahihi haizuii matope. Miti ndiyo inazuia, na miti iko mikononi mwetu, sisi tunaoishi chini ya milima hii.

Ingekuwa haya kubwa siku moja mjukuu wetu apande ndege kwenda Ulaya kuangalia, nyuma ya kioo, samaki aliyekuwa anaishi mbele ya mlango wa babu yake.