Mkopo wa Haki kwa Jirani Zetu wa Rufiji

Wanachama, sisi wakulima wa karafuu twaujua uchungu wa kuuza zao lingali mtini kwa ajili ya deni. Jirani zetu wa Kibiti na delta ya Rufiji nao huuza korosho hivyo hivyo, na mikopo ya "kausha damu" huwamaliza.

Twaona dawa ni chama cha kuweka na kukopa, ambapo riba hupangwa na wanachama wenyewe na faida huwarudia. Halmashauri nayo hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba.

Sheria ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji wa Bara awe na leseni. Basi wenye jamaa huko wawaambie: kabla ya kutia dole gumba, ulizeni leseni, na jumla ya kulipa. Asiyejibu, mwacheni.