Kijana Mhamiaji Hadaiwi Kujisahau

Kuna hoja iliyochapishwa isemayo hivi: kijana mhamiaji akitaka kujitambua ughaibuni, aache lugha na mila za kwao, maana ndizo zinazomletea mshtuko wa kitamaduni. Hoja hii inayumba tangu mwanzo. Mshtuko huletwa na baridi, upweke, ubaguzi na desturi ambazo hakuna anayezieleza. Kiswahili hakina kosa hapo. Wala kusahau kwenu hakukufundishi kuishi na majirani wapya. Lakini dai bovu kuliko yote ni kwamba kumbukumbu za nyumbani hudumaza akili. Mtazame mwandishi Abdulrazak Gurnah: aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza. Huko ndiko alikoanza kuandika, na alichokiandika zaidi ni pwani aliyoiacha na watu waliong'olewa kwao: riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, *Paradise* ikatoka 1994, Tuzo ya Nobel ya Fasihi ikaja 2021. Wenye hoja ile watasema aliandika kwa Kiingereza. Naam, na ndani ya Kiingereza hicho aliingiza Kiswahili, misafara ya bara na maduka ya pwani, na wasomaji wa Uingereza wakamfuata huko. Kwa ushauri wa hoja ile, yote hayo angeyatupa uwanja wa ndege.