Meno Yakitiwa Ganzi



Wanaosoma Yeremia sura ya 31 au Ezekieli sura ya 18 wamekutana na zabibu kali na meno yenye ganzi. Kwetu Lupaso zabibu hatuna, lakini mabibo tunayo, na maembe mabichi, na ukwaju. (Uraka pia, ambao katika ukurasa huu hatuusifu.) Ganzi ni ile ile.

Msimu mmoja wa korosho alitujia mama ameshika shavu. Maji ya mtungi yalikuwa yamemshinda, hata hewa ya asubuhi ilimchoma. Alitaka jino ling'olewe. Tulipomwangalia hatukuona tundu wala usaha, ila ufizi umerudi nyuma na shingo ya jino imechimbika. Tena alikwisha kung'olewa jino moja kwa maumivu hayo hayo, na maumivu yakabaki. Tukamwuliza anasafishaje meno. "Kwa mkaa wa kusaga na mchanga kidogo, nesi, yawe meupe."

Kumbe! Jino limevikwa gamba gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna sehemu laini zaidi, yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Gamba likilika, au ufizi ukirudi nyuma na kuacha mzizi wazi, baridi na ukali hupenya humo. Nalo gamba halioti tena. Ndiyo maana hata meno yaliyochongwa, kama ya baadhi ya bibi zetu Wamakonde, huweza kusumbuliwa na maji baridi.

Wajawazito, mnapotapika asubuhi asidi ya tumbo hupanda mdomoni. Usipige mswaki papo hapo. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa. Fanya hivyo pia baada ya mabibo. Na lile neno kwamba kila mtoto humla mama jino moja si kweli; mtoto hachukui kalisi kwenye meno ya mama.

Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku, bila kuparuza. Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa mpaka nyuzi zilainike. Katika maduka ya dawa ipo dawa ya meno ya ganzi. Ukimaliza kuswaki tema povu tu, usisukutue, ili ikae. Huchukua wiki kadhaa, basi usikate tamaa siku ya tatu. Maji ya betri, mafuta ya ganda la korosho, au asprini juu ya ufizi, hapana! Vyote huunguza.

Ganzi hupita upesi kitu baridi kikiondoka. Maumivu yakikaa, yakikuamsha usiku, yakizidi kwa chai ya moto, au shavu likivimba, huenda jino limeoza hadi ndani. Nenda hospitali, Mkomaindo au Ndanda, umwone mtaalamu wa meno. Mwenye mimba aseme ana mimba. Hakatazwi kutibiwa meno.

Yule mama aliacha mkaa na mchanga. Baada ya wiki tano alikunywa maji ya mtungi mbele yetu, akakunja uso kidogo tu. Pengo la lile jino la kwanza bado analo.