Apendaye mwendokasi aende uwanjani, saa aiache nyumbani

Wakati wa likizo ya Pasaka kaka wa mwenzetu mmoja, anayeishi na kufanya kazi Ujerumani karibu na Cologne, alimtumia mdogo wake swali. Amenunua gari la mtumba, amelipenda, na wenzake kazini wamemwalika Jumapili moja baada ya Misa waende nalo Nürburgring, kwenye uwanja maarufu wa mbio za magari, kila mtu azungushe gari lake. "Frateri, hiyo ni dhambi?" Ujumbe ule ulisomwa kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, na meza ikagawanyika. Wako waliosema ni dhambi ya wazi, kwa kuwa mtu anaweka uhai rehani kwa ajili ya kujifurahisha. Wako waliosema ni anasa tu. Mmoja alitaka kujua kwanza ni gari gani.

Sisi tunaoandika hapa hatuna magari. Tunagombania viti vya Hiace ya seminari, na dereva wake hajawahi kuvuka kilometa 80 kwa saa, hata barabara ikiwa nyeupe. Lakini swali lilitukaa. Tumelisoma, tumewauliza mafundi, na maoni yetu ni haya: aende, ila aache saa nyumbani. Saa tunayoisema ni ile ya kupimia mbio, au simu inayofanya kazi hiyo.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu wengi wetu tukisikia mbio za magari tunawaza Safari Rally ya Kenya, vumbi la Naivasha na watu waliopanda juu ya miti. Hapa hapashindani mtu. Viwanja vya mbio vya Ulaya havina mashindano kila siku, na siku zisizo na mashindano vingi hufungua milango kwa watu wa kawaida waje na magari yao wenyewe. Uingereza desturi hii imeshika sana. Viwanja kama Silverstone, Snetterton na Thruxton vilikuwa viwanja vya ndege vya kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita ilipokwisha zikabaki barabara za lami zilizovizunguka, na wapenda magari wakaziona. Mashindano makubwa ya kwanza ya Silverstone yalifanyika mwaka 1948. Siku hizi fundi umeme au mwalimu hulipa ada yake, akafika asubuhi na gari lile lile linalopeleka watoto shule, akatoa viti vya watoto na takataka zote za ndani, akavaa kofia ngumu.

Halafu hukalishwa chini. Tulipoelezwa utaratibu wa siku hizo tulishangaa jinsi unavyofanana na novisiati. Hakuna anayeingia barabarani bila kusikiliza maelekezo ya asubuhi. Gari hupimwa kelele, na likizidi kiwango linarudi nyumbani. Mizunguko ya kwanza ni ya kuifahamu njia, taratibu, bila kupitana. Baadaye, anayetaka kukupita husubiri mpaka umemwona na umempa nafasi, na kupita ni kwa upande uliotangazwa tu. Bendera ya njano maana yake kuna hatari mbele, punguza mwendo na usimpite mtu. Bendera nyekundu inarudisha kila mtu ndani. Ya buluu inakuambia kuna mwenye kasi zaidi nyuma yako, mpishe. Asiyetii anaonywa, kisha anafukuzwa, na ada yake hairudi. Tunawafahamu madereva wa kwetu ambao wangefukuzwa kabla ya saa nne asubuhi.

Na katika siku hizo kupima muda kumekatazwa. Waandaaji wanatoa sababu ya kisheria: ukishaweka saa, umefanya mashindano, na mashindano yanataka leseni, vibali na bima ya namna nyingine. Sisi tunadhani sababu hiyo ya kisheria imegusa jambo kubwa kuliko waliloliandika.

Tuanze na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwa kuwa wale wa upande wa dhambi walikimbilia huko, na hawakukosea njia. Namba 2290, ndani ya maelezo ya Amri ya Tano, inataja fadhila ya kiasi, kisha inawatia katika kosa zito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendokasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini au angani. Ulevi na mwendokasi vimewekwa kwenye kapu moja. Basi lisome tena kapu hilo. Divai haikukatazwa, kilichokatazwa ni ulevi. Vivyo hivyo kosa halimo kwenye kasi yenyewe (ndege inayompeleka askofu Roma inakwenda kasi kuliko gari lolote la barabarani), limo kwenye kuipenda kiasi kwamba jirani anageuka kizuizi.

Hapo ndipo uwanja unapojitetea. Barabarani, anayekimbiza gari anaweka hatarini watu ambao hawakuombwa ruhusa: mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayefuata mpira, mwendesha bodaboda na abiria wake wawili. Uwanjani wote walioko mle wamekuja kwa hiari na wamejua wanachokijia, magari yote yanaelekea upande mmoja, hakuna njia panda, na wa huduma ya kwanza wako karibu. Mtu mwenye hamu hiyo moyoni, akaitambua, akailipia, akaipeleka mahali ilipojengewa ukuta, amefanya jambo la busara kuliko yule anayedai hana hamu hiyo kisha tunapishana naye Chalinze akipiga honi.

Kanisa lina sababu ya kuwa na mashaka na michezo hii, na sababu hiyo ina tarehe. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia zilizopita kwenye barabara za kawaida za Italia, gari la Alfonso de Portago lilipasuka tairi karibu na kijiji cha Guidizzolo. Alikufa yeye, mwenzake Edmund Nelson, na watazamaji tisa waliosimama kando ya barabara, watano kati yao watoto. Enzo Ferrari alishtakiwa, akaja kuachiwa huru mwaka 1961. Mwaka uliofuata ajali ile, dereva wake Luigi Musso alipokufa Ufaransa, gazeti la Vatican, L'Osservatore Romano, lilimfananisha Ferrari na Saturno, yule mungu wa hadithi za Warumi aliyekula watoto wake mwenyewe. Maneno makali, na hatuoni kwamba yalizidi. Wale watoto wa Guidizzolo walikuwa kijijini kwao. Mbio ndizo zilizowafuata nyumbani.

Sasa Nürburgring yenyewe, kwa sababu kaka yetu hakuuliza juu ya Silverstone. Njia yake ya zamani, inayoitwa Nordschleife, ilifunguliwa mwaka 1927 katika milima ya Eifel. Urefu wake ni kilometa 20.832, inapanda na kushuka msituni kuizunguka ngome ya Nürburg, ina kona nyingi kiasi kwamba hata wenyeji hubishana idadi yake. Siku za wazi inahesabika kisheria kuwa barabara ya kulipia yenye uelekeo mmoja. Unafika getini, unalipa kwa mzunguko, unaingia. Sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika mle ndani, unapita kwa kushoto tu, na sehemu kubwa ya njia haina kikomo cha mwendo. Hakuna mafunzo ya asubuhi. Sehemu nyingi chuma cha pembeni kiko mita chache tu kutoka lami. Watu wamekufa pale katika siku hizo za wazi, na mkosoaji akisema kwamba pale uwanja unafanana mno na barabara, hatumbishii. Tungekuwa sisi, tungemwambia kaka aanzie kwenye uwanja wa kisasa ulio jirani, uliofunguliwa mwaka 1984, wenye nafasi pana nje ya kona, na siku ambayo yuko mwalimu wa kuketi naye. Aendapo kwenye ile ya zamani, aende kama mgeni.

Kinachomponza mgeni pale ni namba. Mwaka 2018 Timo Bernhard aliizunguka njia hiyo kwa Porsche ya mashindano katika dakika 5 na sekunde 19. Watengenezaji wa magari ya dukani nao hutangaza dakika zao kama wauza nyama wanavyotangaza kilo. Kijana anafika na gari la mtumba akiwa ameshaiona njia mara mia kwenye video, anadhani anaijua, anafunga simu kwenye kioo. Mzunguko wa kwanza dakika 12. Wa pili 11 na nusu. Kuanzia hapo haendeshi tena gari lile analoliongoza, anakimbizana na yeye mwenyewe wa nusu saa iliyopita. Aliye mbele yake, ambaye dakika chache kabla alikuwa mwenzake, sasa anamwibia sekunde. Kupima muda kumekatazwa pale pia, na wanaovunja katazo hilo ni wengi. Tunaamini ule ulevi wa namba 2290 unaanzia hapo: pale kasi inapokoma kuwa furaha ikawa hesabu, hata kama kipimo cha kasi kinasoma 90 tu.

Uwanja huo huo ulitoa mfano wa mtu aliyejua kuacha. Niki Lauda aliungua humo tarehe 1 Agosti 1976, akaokolewa motoni na madereva wenzake, na hospitalini akaletewa padre. Alisimulia baadaye kwamba padre alimpa huduma ya mwisho bila neno hata moja la kumtia moyo, na kwamba hasira juu ya hilo ilimsaidia asife. (Wenzetu wa darasa la uchungaji, tunaomba mlitafakari.) Baada ya wiki sita alikuwa anashindana tena Monza. Lakini tunalolipenda zaidi lilitokea Oktoba mwaka huo, Fuji, Japani. Mvua ilikuwa ya kutisha, ubingwa wa dunia uko mkononi mwake, naye baada ya mizunguko miwili akaingia ndani akashuka. James Hunt akawa bingwa kwa tofauti ya alama moja. Wako waliomwita mwoga, mtu mwenye majeraha ya moto bado usoni.

Kuna jambo la fedha nalo, na hapa tulikuwa wakali zaidi na kaka. Bima nyingi, hata ile bima kubwa, hazigusi uharibifu uliotokea uwanjani. Nürburgring ukigonga chuma cha pembeni unalipia chuma, unalipia gari la kuvuta, na njia ikifungwa kwa ajili yako unaweza kulipia hata muda ule. Gari lake yeye ndilo linalompeleka kazini zamu ya usiku. Ana mke na mtoto, na kila mwezi anatuma ada ya shule ya mdogo wao wa mwisho huku nyumbani. Tulimwambia hivi: kama huwezi kuliacha gari lile uwanjani limekunjamana, ukarudi kwa treni bila mtu yeyote wa nyumbani kwako kulala njaa, basi hilo gari bado si lako la kuchezea. Na amwambie mkewe kabla, siyo baada.

Gari nalo lina dhamiri yake. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga anajua breki zikipata moto zinavyomsaliti mtu, na uwanja ni Kitonga isiyokwisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miezi inavyopita. Yakizeeka kisha yakachemka yanatoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Kwa hiyo yabadilishwe kabla, pedi zitazamwe unene, nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi na upimwe tena yakipata moto. Mzunguko wa mwisho ni wa polepole, wa kupoza. Na ukiegesha usivute handbreki, maana breki zilizopata moto sana zinaweza kuganda. Fundi mmoja aliyetueleza haya alisema wanaoumia si wale wenye magari dhaifu, ni wale wenye magari mazuri na mafuta ya breki ya miaka minne.

Kaka alipokea barua yetu ndefu, akanyamaza mwezi mzima. Wiki iliyopita alipiga simu. Alikuwa amekwenda, na mkewe alikuwa amesimama getini na mtoto. Alizunguka mara mbili, akapitwa na magari asiyoweza kuyahesabu, mojawapo gari la familia lenye kiti cha mtoto nyuma. Alipotoka aliendesha taratibu kilometa kadhaa za barabara ya kijiji kupoza breki, akaegesha kwenye gia, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mdogo wake, frateri wetu, akamuuliza alitumia dakika ngapi. Akasema hajui, ila petroli ilikwisha haraka kuliko alivyotegemea.