Zoezi la Moyo Lina Kipimo

Nyumba ya askari aliyepatwa na mshtuko wa moyo hutambulikana kwa kimya chake. Redio hupunguzwa sauti, watoto huambiwa wakacheze mbali, na bwana akigusa jembe au ndoo, mkewe humwahi akampokonya. Jamaa huja kumjulia hali, na wote huondoka wakiacha neno moja: apumzike. Hofu hiyo ni ya upendo. Lakini kwa mgonjwa ambaye hali yake imekwisha tulia, yaweza kumdhuru, kwa kuwa mwili usiotumika hudhoofika upesi, damu huweza kuganda miguuni, na mtu aliyezoea kazi huanza kujiona mzigo.

Madaktari wenyewe walikuwa na imani hiyo hiyo. Hadi katikati ya karne ya 20, mgonjwa wa namna hii alilazwa majuma hata sita, akilishwa kwa mkono wa muuguzi. Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walieleza jinsi walivyowaketisha wagonjwa vitini tangu siku za mwanzo, nao wakaendelea vyema. Miaka mitatu baadaye mgonjwa aliyetazamwa na ulimwengu mzima alikuwa jenerali. Rais Dwight Eisenhower alishikwa na moyo mjini Denver tarehe 24 Septemba 1955, akatibiwa katika hospitali ya jeshi. Daktari Paul Dudley White, aliyeitwa kumwangalia, hakuona sababu ya kumfanya kilema. Eisenhower alitoka hospitali tarehe 11 Novemba, na Novemba ya mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Mwaka 1964 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa ya wataalamu wake juu ya kuwarudisha wagonjwa wa moyo katika kazi na maisha ya kawaida. Siku hizi jambo hilo huitwa utengamao wa moyo, na ni elimu yenye kusomewa.

Anayeisomea huwa kwanza daktari, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia, ndipo hurudi chuo kikuu kutafuta shahada ya uzamili. Mtu aweza kuuliza masomo ya juu ni ya nini, iwapo kazi ni kumwamuru mgonjwa atembee. Sajini yeyote aliweza hilo tangu zamani. Jibu ni kwamba zoezi, kwa moyo ulioumia, ni dawa, na dawa ina kipimo. Mwanafunzi hujifunza kusoma mchoro wa umeme wa moyo mgonjwa akiwa mwendoni, na kutambua dalili za kumsimamisha mara moja. Hujifunza kwamba mapigo ya mkononi yaweza kumdanganya, maana baadhi ya dawa huufanya moyo upige polepole hata mtu akiwa hoi. Kwa hiyo humwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa kipimo kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6, yaani kutulia kabisa, hadi 20, ambapo nguvu zimefika ukomo. Wengi huelekezwa kukaa baina ya 11 na 14. Hapo ndipo askari huwa mwanafunzi mgumu: amefunzwa kutokukiri uchovu, basi hujibu 9 huku shati limelowa. Tena mwili hupashwa moto taratibu, yapata dakika 15, na zoezi halikatizwi ghafla, kwani damu hubaki miguuni na mtu akaanguka.

Si yote yahitajiyo mitambo ya thamani. Kipimo cha kutembea dakika 6 chataka ukumbi mrefu ulionyooka na saa, vitu ambavyo hata hospitali ya wilaya inavyo.

Lakini sehemu iliyo ngumu ni nyumbani. Mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miongoni mwao C. Barr Taylor na Albert Bandura, walitangaza jaribio dogo kwa wanaume 30 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo karibuni. Wote walitembezwa juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka. Wake 10 hawakuwapo, 10 walitazama, na 10 walitazama, kisha wakapanda mashine wenyewe kwa dakika 3, kwa kiwango kile kile walichofikia waume zao. Hao waliopanda ndio waliotoka wakiwa na imani kubwa katika moyo wa mume kuliko wenzao wa makundi yale mawili. Miguu yao ilikuwa imewaeleza yale ambayo macho hayakuweza.

Kwa hiyo mtaalamu aliyefunzwa vyema humwita mke pia. Humweleza dalili za kusimama, ambazo ni kifua kubana, kizunguzungu na pumzi kukatika, na humwonyesha ni kazi zipi za nyumbani zinazofaa kwa juma hili, na zipi zingoje. Siku ambayo daktari ataruhusu ndoo, iwe nusu kwanza.